Naongoza vijana kanisani lakini mimi mwenyewe nimekauka, nifanyeje?

Bwana Yesu asifiwe Mama, shikamoo.

Naomba jina langu usiliweke maana pale kanisani wapo wanaokusoma na wakijua ni mimi itakuwa kesi. Ni kijana wa kiume, miaka 24, nimeokoka kama miaka miwili hivi imepita. Kabla ya hapo kanisa nilikuwa naliona kwa nje tu, kwetu hakuna mtu wa kusali, kwahiyo mambo yote ya wokovu nimeyajulia ukubwani. Sasa nilivyookoka nilikuwa na moto kwelikweli, kila mkesha nipo, kila mfungo nipo, kusafisha kanisa nipo, na Mungu kanipa mdomo, nikisimama kuongea watu wanatulia. Haikupita muda nikapewa kuongoza maombi ya vijana, halafu uchaguzi ulipofika nikachaguliwa mwenyekiti wa vijana, nikashangilia sana sikujua naingia wapi.

Tatizo langu Mama ni hili. Mbele za watu nawaka. Nikishika maiki naomba mpaka watu wanalia, ila nikirudi chumbani kwangu dakika tano za maombi siziwezi, nashika simu, nasogeza video moja baada ya nyingine mpaka usingizi unanichukua. Biblia naifungua nikiwa na somo la kufundisha tu, natafuta mistari mitatu minne inayoendana na kichwa cha somo nilichokwisha kukichagua, nafunga. Juzi nilijiuliza hivi mara ya mwisho nimesoma neno kwa ajili yangu mwenyewe ilikuwa lini, nikakosa jibu.

Halafu kuna hili linaloniumiza zaidi na sijamwambia mtu. Kuna kijana mwenzangu amehamia kanisani kwetu, mchungaji akampa nafasi ahubiri kwenye ibada ya vijana, akahubiri vizuri mno, watu wakaokoka. Mimi ndo mwenyekiti, nilitakiwa nifurahi, lakini moyoni nilichomwa Mama, nikaanza kutafuta kasoro, mara alivyovaa, mara mstari kausoma vibaya. Tangu hapo simpangi kwenye ratiba, nasingizia nafasi zimejaa. Nimejiogopa.

Wa kunilea nimemtafuta. Mchungaji wangu ni mtu mzuri ila ana watu wengi, nikimwambia nimechoka ananiambia "komaa mtumishi, Mungu yupo na wewe", ananiombea kidogo tunaachana. Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la mtumishi mmoja ninayemfuatilia YouTube, yeye ni baba wa kiroho wa watu wengi sana, sijawahi kuonana naye. Mle ndani kila asubuhi kuna maneno ya kutia moto ila kuna na masharti, usifanye uamuzi mkubwa bila kumshirikisha baba, usimhoji baba maana neno linasema msiwaguse masihi wangu, yaani watiwa mafuta wa Mungu, kuna mtu aliuliza swali tu akaondolewa. Hapa kanisani pia kuna mzee wa kanisa, mtu mzima sana, kuongea hawezi, hata akipewa kusoma matangazo anajikanyagakanyaga. Huyo kaniambia zaidi ya mara moja "kijana njoo nyumbani tusome Biblia pamoja". Nilienda, akaniuliza "wewe mwenyewe unaendeleaje na Yesu?" nikamjibu kwa mistari, akatulia, akaniuliza tena lile lile. Sijarudi.

Nijiuzulu? Au hivi ni vita vya kiroho tu nikaze? Na menta wa kweli anapatikana wapi, mtu kama mimi ninayetaka kukua kwenye uongozi? Naomba unishauri kama mwanao.

Mwenyekiti aliyekauka

Amina mwanangu, marahaba. Jina nimeliacha.

Nianze na lile jepesi. Hilo grupu toka, leo, wala usiandike waraka wa kuaga. Mtu asiyejua sura yako, asiyejua unakaa na nani wala jana ulilala na hasira gani, hawezi kukulea, anaweza kukuhubiria tu, na kuhubiriwa hakuna ubaya, kama mahubiri yake ni ya neno endelea kuyasikiliza huko YouTube. Ubaya ni pale anapodai utii wa mwana kwa watu ambao hajawahi hata kuwashika mkono. Na huo mstari wanaowatishia nao, Zaburi 105:15, rudi ukaisome zaburi yenyewe kuanzia mstari wa 8, utakuta inawaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wanahama taifa hadi taifa, Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Kuuliza swali hakujakatazwa hapo. Daudi alikataa kumuua Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, ni kweli, ila alitoka pangoni akapaza sauti akamwambia wazi kwamba anamwonea (1 Samweli 24). Na Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, Petro huyuhuyu aliyetembea na Yesu, kwa sababu mwenendo wake haukwenda sawa na kweli ya Injili, ipo Wagalatia 2. Kama Injili ilikuwa juu ya Petro, itakuwaje isiwe juu ya baba wa kwenye simu? Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa hamu halafu wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na Luka aliyeandika kitabu hicho kawasifu kwa hilo, hajawaondoa kwenye grupu.

Haya, tuje kwako sasa. Umeniuliza menta wa kukukuza kwenye uongozi, lakini karibu yote uliyonisimulia kabla ya swali hilo hayahusu uongozi. Uongozi unauweza, tena kuliko wengi. Palipokushinda ni chumbani, na moyoni pale mwenzako anaposifiwa. Kwahiyo nikikutafutia mtu wa kukufundisha kuendesha vikao na kupanga mahubiri atakuongezea spidi tu, na spidi kwa sasa huihitaji. Wewe ni mpishi anayelisha ukumbi mzima halafu analala njaa, na kwa kuwa sahani za watu zimejaa hakuna anayekuuliza kama umekula.

Ninavyoona mimi ilikwenda hivi. Yesu alikupokea bure, hukuwa na cheo, hukuwa na maiki, hukujua hata kitabu cha Habakuki kiko upande gani. Halafu wakaanza kukuitikia amina, ukapewa nafasi, ukapigiwa makofi, na taratibu bila kujua ukahama kutoka kwenye kuishi kwa neema ukaanza kuishi kwa yale makofi. Ndo maana chumbani hakuna kitu, kule hakuna wa kukuitikia. Na ndo maana yule kijana alipohubiri vizuri uliumia, ulihisi kachukua chakula chako. Hilo si geni, Wagalatia waliulizwa hivyohivyo, baada ya kuanza katika Roho mnataka sasa kukamilishwa katika mwili? (3:3).

Vijana wengi wa kanisani mnadhani Injili ni ya siku ya kuokoka, ukishavuka unaiachia wale wanaokuja mbele kuongozwa sala ya toba, wewe unaendelea na masomo makubwa makubwa, upako, uongozi, maono. Hebu soma Warumi 1. Mstari wa 7 Paulo anasema anawaandikia watakatifu, watu waliokwisha kuamini, ukifika mstari wa 15 anawaambia yuko tayari kuihubiri Injili hata kwao hao. Kwanini awahubirie Injili watu waliookoka? Kwa sababu aliyeokoka ndo wa kwanza kuisahau, na kiongozi anaisahau mapema kuliko wote maana kila siku anaisema kwa ajili ya wengine. Ukitaka kujua umefika wapi nenda Luka 10, wale sabini wanarudi wamefurahi pepo wanawatii, huduma imekubali, na Bwana hawakatazi kazi ila furaha yao anaihamisha, msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii, bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni. Sasa jiulize, siku ukiamka huna cheo, sauti imekauka, kijana yule ndo anahubiri kila wiki, bado utakuwa na la kufurahia? Usinijibu kwa mistari.

Umeuliza kama ni vita vya kiroho. Adui yupo na anafurahi ukikauka, lakini Biblia umeifunga wewe na simu unaishika wewe, kwahiyo tusimpe shetani hadi kazi tulizozifanya kwa mikono yetu.

Kuna kitu na kanisa lenu wangekiangalia, hili nalisema kwa heshima. Paulo alimwambia Timotheo asiwekwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka (1 Timotheo 3:6). Watu wanachanganya hapa, wanasema mbona Timotheo mwenyewe alikuwa kijana, tena akaambiwa mtu asiudharau ujana wako. Ujana haukuwa shida. Timotheo alikuwa kijana wa umri, ila maandiko aliyajua tangu utoto, imani ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na ndugu wa Listra na Ikonio walishamshuhudia vizuri kabla Paulo hajamchukua kusafiri naye. Wewe huna Loisi wala Eunike, umesema mwenyewe kwenu hakuna wa kusali, ukapewa kiti kabla hujapata wa kukukalisha chini. Hilo si kosa lako lote. Ila ndo linakuonyesha unachokosa, na unachokosa hakipo YouTube.

Kipo kwa yule mzee.

Najua hukupenda kusikia hivyo, ulitaka mtu mwenye jina. Ngoja nikukumbushe habari ya Apolo, Matendo 18, ambayo kila nikiisoma nawaona vijana wa aina yako. Apolo alikuwa msemaji hodari, maandiko anayajua, roho inamwaka, anafundisha sinagogi la Efeso kwa ujasiri, lakini alikuwa anaujua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu. Akila na Priska wakamsikiliza, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hao wawili kazi yao ilikuwa kushona mahema, na Luka hajatuandikia hata hubiri moja la kwao. Na Apolo na ufasaha wake wote akakaa akafundishwa, hakusema hawa hata maiki hawajawahi kushika. Hawakumsahihisha mbele ya watu pia, angalia hilo, walimchukua pembeni. Mzee wako naye hakukuuliza lile swali kanisani, alikuuliza nyumbani kwake, mkiwa wawili. Na alipolirudia ni kwa sababu alisikia kabisa kwamba hujamjibu. Mtu anayesikia hivyo hapatikani hovyo mwanangu, mimi naona umekutana na riziki ukaikimbia.

Kama unaona aibu kurudi, hauko peke yako. Desemba 1785 mbunge mmoja kijana wa Uingereza, William Wilberforce, miaka 26, kakuzidi miwili tu, alikwenda kumwona mchungaji John Newton, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Alikuwa anamfahamu tangu utotoni lakini alitaka iwe siri, na alipofika akazunguka nje kwanza ndo akapata nguvu ya kugonga mlango. Alikuwa anawaza kuacha siasa kwa ajili ya imani yake mpya. Newton akamtia moyo abaki palepale bungeni amtumikie Mungu hapo, na sheria aliyoipigania humo ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ikapita mwaka 1807, miaka zaidi ya 20 baadaye. Sikwambii wewe utabadilisha dunia, nakwambia hata watu wakubwa wanazunguka nje kwanza. Kagonge.

Ukifika usianze na mambo ya kamati wala changamoto za vijana. Mwambie mzee, ulilouliza siku ile jibu lake ni kwamba siendelei vizuri, halafu umweleze kama ulivyonieleza mimi, na la wivu usiliruke. Muulize kwanza kama yatabaki kati yenu, ni haki yako kuuliza. Kisha mwombe msome Injili ya Marko pamoja, sura zipo 16 tu, msiwe na haraka, sura moja mkikutana, hata nusu sura. Na hapa nakupa sharti moja, ukisoma Marko usiandike noti za kufundishia. Moyo wako umeshazoea kugeuza kila mstari kuwa somo la watu wengine, kwahiyo utajikuta unasema "hii itafaa ibada ya vijana", hapo acha, rudi uulize inanifaa mimi nini. Mkifika sura ya 10, pale Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto na wale wengine kumi wanakasirika, kaeni hapo. Wengi tunawasema wale wawili, mimi nawaangalia wale kumi, walikasirika kwa nini kama wao viti hawavitaki? Ni hapohapo Bwana anasema Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa bali kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Uongozi wa Kikristo wote umetoka hapo, kwenye kutumikiwa kwanza na Yeye.

Mzee naye usimfanye malaika. Atasahau miadi, atarudia hadithi ileile, kuna siku atakushauri kitu ukaona hapana. Barnaba ndiye aliyemshika mkono Sauli, yaani Paulo huyuhuyu, wakati wanafunzi wote wanamwogopa, ndiye aliyemfuata mpaka Tarso akamleta Antiokia wakafundisha pamoja mwaka mzima, na bado hao hao walikuja kugombana kwa ajili ya Yohana Marko mpaka kila mtu akashika njia yake. Miaka baadaye Paulo anaandika mlete Marko maana anifaa (2 Timotheo 4:11). Kulelewa kuna migongano. Paulo mwenyewe aliweka mpaka mzuri, mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo, ina maana pale mlezi anapoacha kumfuata Kristo na wewe hapo humfuati tena.

La yule kijana. Hisia za wivu huwezi kuzifuta kwa kukemea, nimeona watu wanakemea wivu miaka na bado wanao. Mwombee kwa jina lake, chumbani, hata kama ni sentensi mbili na zinatoka kwa shida, omba Mungu amtumie kuliko wewe. Mwanzoni utajiona mnafiki, endelea tu. Halafu ratiba ijayo mpange. Usimpange siku ya mvua ambayo watu hawaji, najua hizo mbinu. Mpange siku nzuri, wewe ukae viti vya nyuma, na ibada ikiisha umwambie kitu kimoja kilichokugusa. Paulo na Apolo watu waliwashindanisha kule Korintho, huyu wa Paulo huyu wa Apolo, Paulo akawajibu mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Ratiba ya vijana uliishika kama ya kwako, kumbe umewekewa tu mkononi. Kumweleza yeye kwamba ulikuwa unamzuia, hilo msikilize mzee, mengine yakisemwa yanamponya msemaji yanamwachia msikilizaji kidonda.

Kujiuzulu sasa? Hapana, sio leo. Ukiondoka kwa hofu utaondoka na ugonjwa wako uende nao. Lakini na kuendelea kama ulivyo nakataa. Nenda kwa mchungaji, na safari hii usimwambie nimechoka, neno hilo analisikia kila siku ndo maana anakujibu komaa. Mwambie hivi: "Mchungaji, mimi nje ya madhabahu siombi na sisomi, na nimeanza kuwaonea wivu wenzangu. Naomba miezi michache nisifundishe wala kuongoza maombi, nisaidie kazi nyingine, wakati huo nitakuwa nasoma na mzee fulani." Hapo hawezi kukuombea kidogo mkaachana. Kazi zako wagawie wenzako kwenye kamati, Musa aliambiwa na mkwewe Yethro jambo hili ufanyalo si jema, utajichosha wewe na watu (Kutoka 18), akaweka wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, na kazi ya Mungu haikusimama. Mmoja wa hao utakaowagawia kaa naye karibu umfundishe unachojua, maana 2 Timotheo 2:2 Paulo anahesabu vizazi vinne kwenye mstari mmoja, yeye, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Ila huyo asubiri kidogo, anza wewe kwanza na Marko.

Inawezekana mchungaji akagoma, akaona unakimbia wito, hasa kama vijana wanakuja kwa ajili yako. Usibishane naye wala usiende kulalamika kwa vijana. Mwombe mzee mwende wote mara ya pili, aliongelee yeye. Huyo hata kama matangazo yanamshinda, wachungaji wengi huwasikiliza wazee wa namna hiyo wakiwa wamefunga mlango.